Mteja Anatafuta, Wewe Huonekani: Mwongozo Kamili kwa Mfanyabiashara wa Mwanza

Chukua simu ya mtu mwingine, maana simu yako imeshazoea tabia zako. Fungua Google, andika unachouza pamoja na mtaa wako: "fundi friji Nyakato", "lodge karibu na stendi ya Nyegezi", "dagaa wa jumla Mwaloni". Angalia nani anajitokeza. Hapa kwetu anayejitokeza mara nyingi si yule ambaye mtaa mzima unamsifia kwa kazi. Ni aliyejaza taarifa zake vizuri, na wakati mwingine ni duka lililofungwa kitambo ambalo hakuna aliyejishughulisha kuliondoa.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu mji huu una mafundi na wafanyabiashara hodari wanaojulikana kwa kuelekezwa tu. Fundi wa injini za boti pale Kirumba anaweza kuwa maarufu kuanzia Igombe hadi Nansio, lakini mtu wa Sengerema aliyenunua injini yake ya kwanza jana hana wa kumuuliza. Anaiuliza simu, na simu haimjui fundi wetu.

Maelekezo haya ni kwa mtu mwenye simu janja, bando la kawaida na saa chache kwa wiki. Sehemu kubwa ya kazi ni bure. Inahitaji uvumilivu kuliko pesa.

Kwanza, kilichobadilika

Google ilianzishwa mwaka 1998, na kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa mmoja: unaandika neno, unapewa orodha ya viungo, unabofya. Kazi ya SEO, yaani kuifanya tovuti ipande kwenye matokeo ya utafutaji, ilizaliwa kwenye orodha hiyo. Watu walirundika maneno, wakanunua viungo, na kwa muda ikawalipa. Kisha Google ikawabana. Sasisho la Panda la mwaka 2011 liliziangusha tovuti zenye maandishi hafifu, na Penguin ya 2012 ikawafuata waliojijengea viungo vya ulaghai. Mwaka 2019 ukaja mfumo wa BERT, unaojaribu kuelewa sentensi nzima badala ya kuokota neno mojamoja.

Mabadiliko makubwa zaidi yameanza juzi tu. ChatGPT, programu ya akili unde ya kampuni ya OpenAI inayojibu maswali kwa maandishi, ilitoka Novemba 2022, na Oktoba 2024 ikaongezewa uwezo wa kutafuta mtandaoni. Mei 2024 Google nayo ilianza kuweka jibu lililoandikwa na akili unde juu kabisa ya matokeo, ikianzia Marekani na kusambaa nchi nyingine. Sasa mtu anauliza, anasoma jibu, anafunga simu. Hajabofya popote.

Kwa wanaoishi kwa kusomwa, kama magazeti, hili ni pigo. Kwa mwenye lodge, gereji au duka la nyavu, hasara si kubwa kiasi hicho, kwa sababu mteja hawezi kulala ndani ya jibu la mashine. Lazima apige simu au afike. Swali ni kama jibu hilo litakutaja wewe, na kama litakutaja kwa usahihi. Kwa hiyo kazi yako yote inageukia hapa: ukweli wa biashara yako uandikwe, kwa maneno ambayo mteja anayatumia, mahali ambapo mashine inaweza kuusoma, na kokote utakakosomwa uwe uleule.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kutoa hata shilingi

Fanya majaribio matatu, uandike matokeo kwenye daftari.

Tafuta jina la biashara yako. Je, namba ya simu inayotokea ni ya kwako ya sasa, au ni ile ya laini uliyoiacha? Saa za kufungua ni sahihi? Picha iliyowekwa ni ya duka lako au la jirani?

Tafuta huduma pamoja na eneo, bila kutaja jina lako, kwa namna tatu au nne tofauti. Hili ndilo jaribio la maana, maana mteja mgeni hajui jina lako.

Mwisho, iulize akili unde, iwe ChatGPT au Gemini: "Nipo Mwanza, nahitaji mtu wa kutengeneza injini ya boti, niende wapi?" Soma jibu kwa makini. Ikitaja washindani wako, angalia imetoa wapi habari zao. Mara nyingi huonyesha chanzo. Vyanzo hivyo ndivyo mahali unapopaswa kuonekana na wewe.

Hatua ya 2: Kusanya maneno ya mteja

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na hapa ndipo ningetaka utulie. Mfanyabiashara huandika kwa lugha ya bango: "Tunatoa huduma bora za malazi kwa viwango vya kimataifa." Hakuna binadamu anayetafuta hivyo. Anaandika "gesti bei nafuu Mwanza mjini yenye parking".

Hazina yako iko WhatsApp. Rudi nyuma kwenye meseji za miezi michache, nakili maswali ya wateja kama walivyoyaandika, pamoja na vifupisho na makosa yao. Muulize pia kijana wa mapokezi anaulizwa nini kwenye simu. Kisha andika mwanzo wa swali kwenye Google na uache ikumalizie; yale mapendekezo yanatokana na utafutaji halisi wa watu. Google Trends nayo ni bure: chagua Tanzania, linganisha maneno mawili, uone lipi linatafutwa zaidi.

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni iliyo jirani na Bugando. Hospitali ile ni ya rufaa ya kanda, inapokea wagonjwa kutoka Geita, Simiyu, Kagera, Mara na kwingineko, na kila mgonjwa anakuja na ndugu. Ndugu huyo hatafuti bwawa la kuogelea wala mandhari ya ziwa. Anataka kujua: ni dakika ngapi kwa miguu hadi getini, kwa usiku ni kiasi gani, kuna punguzo akikaa wiki nzima, na je, anaweza kupata mahali pa kupikia uji wa mgonjwa asubuhi? Mwenye nyumba akiyajibu maswali hayo manne kwa sentensi nyepesi, pamoja na bei, atakuwa ameandika ukurasa ambao hoteli kubwa haitaukaribia. Na maneno yote ya utafutaji yatakuwemo bila kulazimishwa.

Kumbuka pia kwamba ziwa hili ni la nchi tatu. Dagaa wetu Mkenya anawaita omena na Mganda anawaita mukene. Sangara kwa Mkenya ni mbuta. Kama unauza kuvuka mpaka, majina hayo yawemo kwenye maelezo yako mara moja, kwa sentensi ya kawaida. Wanunuzi wa Kongo wanaofika Mwaloni wengi wanaelewa Kiswahili, ila aya moja ya Kifaransa iliyoandikwa na mtu anayekijua Kifaransa haiwezi kukudhuru.

Hatua ya 3: Wasifu wa biashara kwenye Google

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika maelekezo haya yote, fanya hili. Zamani huduma hii iliitwa Google My Business. Tangu mwishoni mwa 2021 inaitwa Google Business Profile. Ni bure, na ndiyo inayokuweka kwenye ramani na kwenye kile kisanduku cha biashara tatu kinachotokea mtu akitafuta huduma ya karibu.

Google yenyewe inasema kwamba matokeo ya karibu hupangwa kwa vigezo vitatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali kutoka alipo mtafutaji, na umaarufu wa biashara. Umbali huna la kuufanya. Viwili vilivyobaki viko mikononi mwako.

Tafuta kwanza kama wasifu wako tayari upo, kwa sababu mteja au Google inaweza kuwa iliuanzisha bila wewe kujua. Ukiukuta, dai umiliki wake badala ya kufungua mwingine. Wasifu mbili za biashara moja hugawana maoni na kumchanganya mteja.

Jina liandike kama lilivyo kwenye kibao chako. Usiandike "Mama Neema Lodge Bora Bei Nafuu Mwanza Nyegezi Stendi". Sheria za Google zinakataza, na wasifu unaweza kusimamishwa.

Aina ya biashara ndiyo yenye uzito kuliko sehemu nyingi nyingine. Chagua aina kuu moja inayokuelezea kwa karibu zaidi, kisha ongeza zile za ziada zinazokuhusu kweli. Unaruhusiwa hadi tisa. Gereji inayouza na spea iweke ukarabati kama aina kuu ikiwa ndiyo inayoleta mkate.

Alama ya mahali kwenye ramani isogeze wewe mwenyewe, ukiwa umesimama mlangoni. Kwa mji wa miamba kama huu ni jambo zito. Mabatini au Igogo alama ikikaa mita chache upande usio wake, mteja atapandishwa mlima halafu akute duka liko chini, upande wa pili wa jiwe. Kama mtaa wako hauna jina linalofahamika, fungua Google Maps, gusa mlango wako, nakili Plus Code, ule msimbo mfupi wa herufi na namba, uutumie kwenye WhatsApp na kwenye kadi yako. Namba ya nyumba uliyopewa kwenye zoezi la anwani za makazi iandike pia. Halafu ongeza maelekezo ya kibinadamu: "Ukishuka stendi ya Nyamhongolo, vuka barabara, ulizia..." Wasafiri wa Musoma wanashukia huko wakati wa Dar na Shinyanga wanaingilia Nyegezi, kwa hiyo maelekezo ya upande mmoja hayatoshi.

Uthibitisho siku hizi mara nyingi hufanyika kwa video. Unarekodi mfululizo bila kukata: barabara na majengo ya jirani, kibao chako, kisha unaingia ndani na kuonyesha kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka, kwa mfano kwa kufungua mlango kwa funguo, kuonyesha vifaa vya kazi au leseni ya biashara. Andaa kila kitu kabla. Rekodi mchana, intaneti ikiwa nzuri. Usionyeshe nyuso za wateja. Taarifa binafsi zinalindwa na sheria ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, ni adabu.

Maelezo ya biashara yana nafasi ya herufi 750. Tumia sentensi za mwanzo kusema unafanya nini, wapi, kwa nani. Picha weka za kweli: mbele ya duka kama linavyoonekana kutoka barabarani, ndani, bidhaa, watu wakiwa kazini kwa ridhaa yao. Picha ya mtandaoni ya hoteli ya Dubai mgeni akiifananisha na chumba alichokikuta ndiyo nyota moja yenyewe hiyo.

Fundi asiye na duka, anayekwenda kwa mteja, anaweza kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia, hadi ishirini. Usiandike Tanzania nzima. Andika Ilemela, Nyamagana, Magu, Misungwi, kokote unakokwenda kweli.

Hatua ya 4: Maoni ya wateja

Nyota na maoni ni sehemu kubwa ya ule umaarufu, na akili unde nayo huyasoma. Mteja akiandika "walinitengenezea injini ya Yamaha siku hiyohiyo pale Kirumba", amekuandikia kitu ambacho tangazo lako haliwezi.

Omba, na uombe wakati mteja ameridhika akiwa bado mbele yako. Kwenye wasifu wako kuna kiungo cha kuomba maoni; kitume kwa WhatsApp na ujumbe wa heshima: "Asante sana mama kwa kuja. Ukipata nafasi, tuandikie maneno mawili kuhusu huduma uliyoipata, ili na wengine wanaotoka mbali watufahamu." Usimpe soda wala punguzo kwa ajili ya nyota. Google inakataza maoni ya kununuliwa, na pia inakataza kuwaomba wenye furaha tu huku ukiwazuia walioudhika.

Lawama zijibu kwa utulivu ndani ya siku mbili tatu. Hivi, kwa mfano: "Pole sana kaka kwa kucheleweshwa. Umeme ulikatika na hatukukupigia kukujulisha. Hilo ni kosa letu. Kazi yako iko tayari, na kuhusu gharama tutazungumza ukifika." Anayesoma jibu hilo ni mteja wa kesho, na yeye ndiye unayemwandikia.

Hatua ya 5: Tovuti yako mwenyewe, hata kama ni ndogo

Najua utasema una Instagram yenye wafuasi wengi. Vizuri, endelea nayo. Tangu Julai 2025 machapisho ya wazi ya akaunti za kibiashara za Instagram yanaweza kuonekana kwenye mitandao ya utafutaji, na hilo ni jambo jema. Lakini bei iliyoandikwa juu ya picha ni ngumu kusomwa, "njoo DM" haimjibu mtu yeyote, na akaunti ikifungiwa huna pa kwenda. Hata zile tovuti ndogo za bure zilizokuwa zinatengenezwa ndani ya wasifu wa Google zilizimwa Machi 2024, na walioitegemea hiyo pekee wakabaki bila ukurasa. Kuwa na domeni yako, yaani jina la anwani ya tovuti, kwa mfano inayoishia na .co.tz, na iandikishwe kwa jina lako na baruapepe yako, siyo ya kijana aliyekutengenezea.

Kurasa tano zinatosha kuanza. Ukurasa wa mwanzo, wa mahali na mawasiliano, na mmoja kwa kila huduma unayotaka itafutwe peke yake. Mwenye gereji ya boti asirundike "injini, uundaji wa boti, spea, mafunzo" kwenye aya moja; kila huduma ipate ukurasa wake, bei ya kuanzia, muda wa kazi, na picha.

Kichwa cha ukurasa, yale maneno yanayotokea kwenye matokeo ya Google, kiandike kwa uangalifu. "Karibu" si kichwa. "Ukarabati wa injini za boti Kirumba, Mwanza" ni kichwa. Lile sanduku la siri la kuorodhesha maneno muhimu nyuma ya ukurasa achana nalo. Google ilisema tangu 2009 kwamba hailitumii kupanga matokeo.

Kuhusu kasi, wateja wako wako kwenye simu, na Google inaisoma tovuti kwa jicho la simu. Kipimo chake ni kwamba kitu kikubwa kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Adui mkubwa ni picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuwa na MB kadhaa; ipunguze hadi KB 200 au chini ya hapo kabla ya kuipandisha. Jaribu tovuti yako kwa bando la kawaida, ukiwa ndani ya daladala la kwenda Buhongwa, wala usiipime ofisini penye intaneti ya waya.

Lugha: Kiswahili kwa wateja wa hapa, Kiingereza kwa watalii wanaopitia Mwanza kwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka, au wanaotaka kwenda Saa Nane na Bujora. Kila lugha iwe na kurasa zake. Kuchanganya lugha mbili aya kwa aya kunamchosha msomaji na kuichanganya mashine. Na usipachike tafsiri ya mashine bila mtu kuisoma.

Mwambie anayekutengenezea aweke alama za schema.org za biashara ya mtaani: jina, anwani, simu, saa za kazi, bei. Ni mistari michache ya msimbo wa kompyuta isiyoonekana na mgeni, inayoiambia mashine waziwazi kipi ni simu na kipi ni saa.

Hatua ya 6: Kuandika ili akili unde ikutaje sawasawa

Utasikia wanaouza mbinu za siri za kuingia kwenye majibu ya akili unde. Google imesema wazi kwamba kwa majibu yake hakuna faili maalumu wala msimbo maalumu unaohitajika; ukurasa uwe umesomwa na kuhifadhiwa na Google na uruhusiwe kuonyeshwa kwenye matokeo ya kawaida. Kwa hiyo hatua zilizotangulia ndizo kazi yenyewe. Ninaongeza mambo matatu.

La kwanza, jibu kwanza, maelezo baadaye. Swali liwe kichwa kidogo, na sentensi inayofuata iwe jibu kamili linaloeleweka hata likinyofolewa peke yake. "Chumba cha mtu mmoja ni shilingi ngapi?" kisha bei, kinachojumuishwa, na tarehe ya bei hiyo. Sentensi kama "kama tulivyosema hapo juu" haina maana ikitolewa mahali pake.

La pili, safisha ya zamani. Hapa nina mfano ambao kila mtu wa kanda hii ataufahamu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kabla yake, safari ya Sengerema na Geita kwa njia hiyo ilitegemea kivuko, na kila lodge na kampuni ya usafiri iliandika: panga muda wa foleni, vuka kwa kivuko. Ukurasa kama huo ukiwa bado uko hewani, mashine inaweza kuuchukua na kumwambia mgeni wa Geita atenge muda wa foleni ambayo haipo. Mgeni anaahirisha, au anachagua kulala kwingine. Pitia kila sentensi yako yenye njia, nauli, bei, ratiba na namba ya simu. Isahihishe, uandike na mwezi uliosahihisha.

La tatu, hakikisha milango haijafungwa. Kila tovuti ina faili la robots.txt linaloyaambia maroboti yapite wapi. Roboti la OpenAI linalohusika na utafutaji wa ChatGPT linaitwa OAI-SearchBot. La kukusanya maandishi ya kufundishia ni GPTBot. Unaweza kuzuia la pili na kuruhusu la kwanza. Kama tovuti yako iko nyuma ya Cloudflare, huduma ya kulinda na kuharakisha tovuti, fahamu kwamba tangu Julai 2025 domeni mpya zinazojiunga huwekewa kizuizi cha maroboti ya akili unde kama mpangilio wa kawaida. Uliza, maana unaweza kuwa umejifungia nje bila kujua.

Na kuhusu kuitumia akili unde kukuandikia: ikusaidie kupanga na kunyoosha, sawa. Kuzalisha kurasa mia za "hoteli bora Igoma", "hoteli bora Pasiansi", "hoteli bora Buzuruga" ambazo zinatofautiana jina la mtaa tu, hapana. Machi 2024 Google iliweka sera dhidi ya maandishi yanayozalishwa kwa wingi kwa lengo la kudanganya matokeo, iwe yameandikwa na mashine au na mtu. Tena yanachosha kusoma.

Hatua ya 7: Kutajwa na wengine

Viungo kutoka tovuti nyingine bado vina uzito, ila vya kununua viache. Waombe wale unaofanya nao kazi kweli: kampuni ya utalii inayokuletea wageni, chuo kinacholeta wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, chama chenu cha wafanyabiashara, shirika mlilohudumia semina yake. Jina, simu na anwani viandikwe vilevile kila mahali. Namba iwe na +255 mbele, kwa sababu anayepiga kutoka Kisumu au Entebbe ataihitaji.

Jisajili pia kwenye Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, kupitia Bing Webmaster Tools na Bing Places. Unaweza kuhamisha taarifa zako kutoka Google bila kuandika upya. Bing ina watumiaji wachache hapa, lakini matokeo yake hutumika na huduma nyingine. Mashindano nayo yanasogea: Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na Septemba 2025 ikaiagiza igawe baadhi ya data zake za utafutaji kwa washindani.

Hatua ya 8: Kupima

Unganisha tovuti na Google Search Console, ni bure. Inakuonyesha watu waliandika maneno gani ukatokea, mara ngapi ulionekana, mara ngapi ulibofywa. Soma orodha ya maneno hayo mara moja kwa mwezi. Ukikuta swali ambalo hujalijibu popote, umepata ukurasa wa kuandika.

Usishtuke ukiona kuonekana kunapanda huku kubofywa kunashuka. Ni dalili ya majibu yanayosomwa hapohapo. Pima kilicho karibu na fedha: simu zilizopigwa na maombi ya maelekezo kwenye wasifu, meseji za WhatsApp, na daftari la mapokezi. Kila mteja mpya aulizwe swali moja, "Umetufahamuje?", na jibu liandikwe. Hakuna programu inayoshinda daftari hilo.

Jipe miezi mitatu hadi sita kabla ya kuhukumu upande wa tovuti. Wasifu wa ramani huonyesha mabadiliko mapema zaidi.

Wanaokuja na ahadi

Ukifanya haya utaanza kupigiwa simu na watu wanaoahidi nafasi ya kwanza Google kwa malipo ya mwezi. Google yenyewe inaonya kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi hiyo. Mtaalamu mwema atakuambia atafanya nini, atakuonyesha Search Console ya kazi yake, na ataacha nywila zote mikononi mwako. Anayekataa kukupa umiliki wa wasifu au domeni, usimlipe, hata kama ni mtoto wa jirani.

Mpangilio wa kazi

Wiki ya kwanza: majaribio ya hatua ya 1 na kudai wasifu. Wiki ya pili: alama ya ramani, aina ya biashara, picha, saa za kazi, na kuanza kuomba maoni. Wiki ya tatu na ya nne: kukusanya maswali ya WhatsApp na kuyaandikia majibu. Tovuti ije mwezi wa pili, ukiwa tayari na maandishi mkononi, maana mtengenezaji asiyepewa maandishi atakujazia "huduma bora kwa viwango vya kimataifa".

Baada ya hapo ni matunzo. Kila mwezi ongeza picha mpya chache na pitia bei. Kabla ya Eid, Nane Nane, Krismasi na Pasaka, weka saa maalumu za sikukuu kwenye wasifu. Anayetoka Ukerewe kwa meli ya asubuhi akikuta mlango umefungwa wakati simu ilimwambia umefunguliwa, hatapiga tena, na nauli ya kurudi Nansio hutamlipia wewe.